Nusu Iliyopasuka

Ijumaa mchana Hilbrand alipita nyuma ya kiti cha Eltje na kikombe chake cha kahawa, akasimama. Kusimama huko ndiko kulikoharibu mambo. Profesa akipita nyuma yako ni kama upepo, huna haja ya kugeuka. Akisimama, ujue ameona kitu.

"Hiyo folda umeiitaje?" akauliza.

"Ipi?"

"Hiyo unayoiziba na mkono."

Eltje akauondoa mkono. Folda zilikuwa mbili kwenye skrini. Moja ameiita "nzuri", ya pili ameiita "takataka". Hilbrand akainama, akasoma idadi ya vilivyomo ndani ya kila moja, kisha akapuliza kahawa yake polepole.

"Takataka ni nyingi sawa na nzuri."

"Karibu sawa."

"Uliniambia chache zinasumbua. Kwenu Winsum nusu ndiyo mnaita chache?"

Mwenzao wa dawati la dirishani akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Eltje alihisi masikio yanawaka moto.

Kazi aliyokuwa anaifanya si ngumu kuisimulia, ugumu uko katika kuitenda. Protini ni mnyororo mrefu unaojikunja wenyewe ndani ya maji, na usipojikunja sawasawa haufai kwa lolote. Ukitaka kompyuta iigize mkunjo huo atomu kwa atomu, pamoja na maji yake yote, utakaa ukingoja mpaka mvi zikuote na mnyororo haujapinda hata kona ya kwanza. Ndiyo maana watafiti wa ghorofa ile ya chuo kikuu walikuwa na ujanja wao: wanalichukua fungu la atomu na kulihesabu kuwa ushanga mmoja. Maelfu ya atomu yanageuka shanga kadhaa, na kompyuta inapata nafasi ya kukimbia. Tabu ni kwamba Mungu aliumba atomu, hakuumba shanga hizo. Nani ajuaye ushanga huu unamvuta mwenzake kwa nguvu kiasi gani? Hilbrand na rika lake walizitafuta nguvu hizo kwa mkono, miaka nenda miaka rudi, wakiongeza hapa na kupunguza pale kama mpishi anayeonja chumvi. Shanga zao zilikuwa zikitumika dunia nzima, na Hilbrand hakuona haya kulitaja jambo hilo.

Eltje alikuja na dawa nyingine. Aliionyesha kompyuta mifano chungu nzima ya uigaji wa atomu kamili, akaiacha ijifunze yenyewe nguvu za shanga. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, basi na mashine iote zake.

Na ziliota kweli. Mnyororo ulijikunja wenyewe, tena na tena, na kila umbali kati ya ushanga na ushanga ukalingana na ule wa protini halisi. Siku hiyo Eltje alijifungia chooni akalia kwa furaha. Kisha ikabaki hatua ya mwisho, ya kuzivua shanga ushanga wao na kuzivisha tena atomu, ili aone kama umbo litasimama. Nusu ya maumbo ilivaa ikatulia. Nusu nyingine ilipovishwa tu, atomu zilibanana, zikasukumana, na umbo zima likapasuka kwenye skrini kama puto. Jedwali la umbali lilikuwa lile lile kwa haya na yale! Msimu mzima wa baridi Eltje alikuwa akibadilisha hiki na kile, akifundisha upya, akiomba, akitukana. Nusu bado ikapasuka.

"Nipe wiki mbili, Hilbrand," akasema.

"Mkataba wako unaisha mwezi ujao. Wiki mbili hizo nizitoe wapi, mfukoni?" Hakuwa amekasirika. Alikuwa mtu wa kukwambia ukweli kama anavyokupitishia chumvi mezani. "Jumatatu, saa tatu asubuhi. Ukija na sababu, nitakusikiliza. Usipokuja nayo, sura hiyo ya tasnifu tunaiandika upya kwa shanga zangu, na mashine yako tunaipumzisha. Shahada utapata vilevile, usiniangalie hivyo."

Akaenda zake. Na hapo ndipo alipomkosea Eltje bila kujua, maana mwanafunzi wake hakuwa akiwaza shahada. Shahada angeipata hata kwa shanga za watu wengine, mama yake angevaa kofia na picha zingepigwa. Kilichomuuma ni kwamba mashine ingefungwa kabatini, naye angeondoka bila kujua kwa nini. Kuna watu wanaweza kuishi hivyo. Eltje tangu utotoni hakuweza hata kuacha kigaga cha kidonda kikauke bila kuchungulia chini yake.

Jumapili ilikuwa siku ya kuzaliwa ya baba yake. Akapanda treni kwenda Winsum bila kompyuta, kwa amri ya mama.

Sebuleni viti vilikuwa vimepangwa duara, kama ilivyo desturi, na Eltje akaanza kuzunguka akipeana mkono na kila mtu. Hongera ya baba yako. Hongera ya shemeji yako. Hongera ya jirani yako. Mtu mmoja amezaliwa, ila hongera inalazimika kumfikia hata mke wa fundi bomba. Ikaja kahawa na kipande kimoja cha keki ya tofaa. Nasema kimoja, wala usijaribu kunyoosha mkono mara ya pili. Baadaye sana, mama akapitisha sahani ya vipande vya jibini, kila kimoja kimechomwa kijiti, vingine vimepambwa kwa kitunguu cha siki, na haradali kando yake.

Shangazi Trientje, dada ya baba, alikaa upande wa dirisha. Ng'ambo ya duara, mkabala naye, alikaa mjomba Wubbo, kaka ya mama. Hao wawili walianza kutaniana siku ya harusi ya wazazi wa Eltje na mpaka leo hawajapumzika.

"Haya, Eltje," shangazi akasema, "bado unacheza na kompyuta?"

"Bado, shangazi."

"Na hiyo mashine yako, imekuwa na akili?"

"Nusu."

"Basi imefanana na Wubbo."

Duara zima likacheka. Mjomba akamwinulia kijiti. "Mimi nusu yangu inatosha, Trientje. Wewe nzima yako imekufikisha wapi?"

"Lakini kweli, mwanangu," baba akaingilia, "mimi leo ninatimiza miaka sabini na sijawahi kuelewa unachofanya. Nipe zawadi hiyo. Nieleze."

Ombi la mwenye siku halikataliwi. Eltje akatazama huku na huku akitafuta pa kuanzia, jicho likaangukia sahani ya jibini. Akapiga magoti katikati ya duara na kuisogeza sahani mbele yake.

"Haya. Hiki kipande cha jibini ni ushanga. Kijiti ni kamba. Chukueni vipande vinne na vijiti vitatu, mviunganishe viwe mnyororo."

"Sote?"

"Shangazi na mjomba wanatosha, wengine tazameni. Sasa mimi ni jedwali. Ninajua umbali tu, sijui kitu kingine chochote. Cha kwanza mpaka cha pili, kijiti kimoja. Cha pili mpaka cha tatu, kijiti kimoja. Cha tatu mpaka cha nne, hivyo hivyo."

"Hiyo tumeshafanya," mjomba akasema. "Imenyooka kama reli."

"Sasa mnapinda. Cha kwanza mpaka cha tatu, nacho kiwe kijiti kimoja. Cha pili mpaka cha nne, kijiti kimoja. Na cha kwanza mpaka cha nne, kijiti na kipande juu yake."

Ikawa kazi kwelikweli. Shangazi alitoa ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Mjomba, ambaye ni wa shoto, aliubana mnyororo wake katikati ya magoti na kuupinda kwa ule mkono wake wa kushoto, jibini likimng'ang'ania vidoleni. Mama akaleta vitambaa vya mikono huku akisema kwamba nyumba nyingine watu hukaa wakaongelea hali ya hewa. Mwishowe kila mmoja akawa ameshika kidude kilichosokotwa, mkia ukiwa umeinuka hewani.

"Yako siyo," shangazi akasema hapo hapo.

"Yangu ndiyo. Yako ndiyo imepinda kichawi."

"Eltje, pima."

Eltje akachukua kijiti kingine, akaupima wa shangazi, umbali kwa umbali. Sawa. Akaupima wa mjomba. Sawa pia, tena wa mjomba ulikuwa sahihi zaidi kwa unywele. "Zote mbili ziko sawa," akasema. "Zinafanana."

"Zinafanana nini?" Shangazi akanyanyuka, akavuka duara, jambo ambalo halifanywi kabla ya sherehe kwisha, akauweka mnyororo wake kwenye sahani kando ya ule wa Wubbo. "Una macho wewe? Wangu unapinda huku, wake unapinda kule."

"Geuza wako basi," mjomba akasema.

Shangazi akaugeuza. Akaulaza ubavu. Akausimamisha kichwa chini. Mjomba naye akaugeuza wa kwake, akauzungusha, akaukaribia mpaka pua ikagusa haradali. Kila wakiuweka ulingane upande wa kichwa, mkia unakwenda kinyume. Duara lote lilikuwa limeshainama sasa, hata mke wa fundi bomba.

"Ni kama viatu," baba akasema. "Hicho cha kulia, hicho cha kushoto. Vipimo ni vile vile, ila jaribu kuvaa uone."

Eltje alibaki amepiga magoti, kijiti cha kupimia mkononi. Mama alimwuliza kama anataka mvinyo na hakusikia. Jaribu kuvaa uone!

Hakuwa ameipa mashine chochote isipokuwa umbali. Tena alifanya hivyo kwa makusudi na kwa kujivuna, kwa sababu umbali haubadiliki hata uigeuze protini vipi ndani ya maji yake. Lakini umbali haujui kushoto wala kulia. Msokoto wa kulia na taswira yake ya kwenye kioo vina jedwali moja. Mashine iliambiwa itafute umbo lenye vipimo hivi, nayo ikaleta yote mawili, bila kupendelea. Shanga hazikulalamika, ushanga ni duara, hauna kushoto. Atomu ndizo zinazolalamika. Katika mwili, vipande vya protini karibu vyote ni vya mkono mmoja, kama kiwanda kinachoshona glavu za kulia tu. Umbo lililosokotwa kinyume ukilivisha atomu hizo, lazima lipasuke.

Na picha alikuwa ameziangalia! Ameziangalia mpaka macho yakamwuma. Aliangalia kama zimejikunja, na zilikuwa zimejikunja. Hakuna siku aliyojiuliza zimejikunja kwenda upande gani. Mtu huona alichokuja kukitafuta.

"Nani ameshinda?" mjomba alikuwa akidai. "Jedwali, sema, nani ameshinda?"

"Jedwali halijui," Eltje akasema. "Mjomba, hilo ndilo tatizo. Jedwali halijui kabisa."

Shangazi akamtazama, akautazama mnyororo wa Wubbo, akauchukua, akauchomoa vijiti na kuuweka mdomoni wote. "Kesi imekwisha," akasema akitafuna. "Ushahidi umeliwa."

Kwenye treni ya kurudi Eltje hakuweza kukaa. Alisimama mlangoni njia nzima. Kuwa na wazo zuri ni kitu kimoja, na wazo hilo kuwa kweli ni kitu kingine, na tofauti ya vitu hivyo viwili ilikuwa imefungwa ofisini mpaka kesho. Kulikuwa na njia moja ya kuhakikisha. Achukue umbo moja kutoka takataka, aligeuze kama kwenye kioo, alivishe atomu. Kama wazo ni kweli, litatulia. Kama si kweli, litapasuka kama kawaida, naye atakuwa ameaibika mbele ya jibini.

Jumatatu alipanga kuwahi ili alijaribu peke yake kabla ya saa tatu. Alikanyaga baiskeli dhidi ya upepo na mvua ya ubavu, akapanda ngazi mbili mbili, akafungua mlango. Hilbrand alikuwa amekaa kwenye kiti chake yeye Eltje, amevua koti, kikombe mkononi.

"Umelowa," akasema.

"Kioo," Eltje akasema.

"Nini?"

"Takataka si takataka. Ni kioo." Akaeleza huku maji yakimtiririka kwenye kidevu. Alieleza vibaya, akaanza na shangazi, akaingiza mke wa fundi bomba, akarudi kwenye umbali. Hilbrand hakumkatiza. Alipofika kwenye glavu, yule mzee akaweka kikombe chini.

"Msokoto," akasema taratibu. "Kwenye shanga zetu tuliuweka kwa mkono, zamani sana. Mpaka nimesahau kama ni kitu cha kuambiwa." Kisha akakunja uso tena. "Maneno matamu hayo. Umejaribu?"

"Bado."

"Bado?"

"Umekalia kiti changu."

Hilbrand akainuka. Eltje akakaa, akafungua takataka, akanyoosha kidole achague moja.

"Wewe usichague," Hilbrand akasema. "Nakujua. Nachagua mimi." Akateremka mpaka katikati, akagonga skrini kwa ukucha. "Hii."

Kazi yenyewe ilikuwa alama moja ya kutoa. Kila ushanga una namba zinazotaja nafasi yake, mbele na nyuma, juu na chini, kushoto na kulia. Eltje akageuza kushoto kuwa kulia, basi. Akalivisha umbo atomu zake, akabonyeza. Alitamani kufumba macho lakini udadisi haukumruhusu.

Atomu zikatetemeka. Zikasogea kidogo, kama watu wanaopeana nafasi kwenye benchi. Zikatulia.

Mwenzao wa dirishani alikuwa amesimama nyuma yao na sandwichi ya jibini mdomoni.

"Bahati," Hilbrand akasema. "Hii nyingine."

Ikatulia.

"Na hii."

Hiyo nayo ikatulia. Hilbrand akavuta kiti cha jirani akaketi, goti lake likigusa la Eltje, akashika kidevu.

"Hebu niambie tena. Nzuri na takataka, ni nusu kwa nusu kabisa?"

"Sitini na moja kwa hamsini na tisa."

"Na msimu mzima ukaninyima namba hiyo."

"Niliona aibu."

"Aibu!" Akapiga paja lake. "Ingekuwa theluthi kwa theluthi mbili, hapo ningekufukuza. Ningesema mashine yako ni mbovu, inapendelea upande bila sababu. Lakini mashine isiyojua kushoto na kulia inatakiwa kurusha shilingi. Nusu kwa nusu, Eltje! Haikukosea hata mara moja. Wewe ndiye uliyeiuliza vibaya, nayo ikakujibu kwa adabu, kila siku, miezi yote hiyo. Ushahidi wako bora kuliko yote umeuandika takataka."

Eltje alitaka kucheka na kulia kwa mpigo mmoja. Miezi yote hiyo alikuwa akiitukana mashine, naye ndiye aliyekuwa amezibwa macho. Akajifuta uso kwa mkono wa koti, ambao ulikuwa umelowa zaidi ya uso.

"Kwa hiyo inahitaji kuambiwa msokoto," akasema. "Nikiongeza hilo na kuifundisha upya, nitamaliza kabla ya mkataba kuisha. Hilbrand? Inabaki, au tunaipumzisha?"

Hilbrand alikisogeza kiti mbele. Alikuwa ameinamia skrini mpaka miwani inakaribia kuigusa, kahawa yake imepoa kando, na kidole kinateremka polepole kwenye folda.

"Hilbrand. Mashine inabaki?"

"Mashine gani?" akasema bila kugeuka. "Nipe hii ya mwisho kabisa. Hii mbaya. Hebu tuone."